Doria Shafik, Binti wa Nile Aliyepigania Kura

Mwaka 1975 Misri iliwazika wanawake wawili waliozaliwa katika Delta, kule ambako Mto Nile hugawanyika matawi kabla ya kuingia baharini. Wa kwanza alikuwa Umm Kulthum, aliyefariki mwezi wa Februari. Huyo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa, maana sauti yake ilituingilia majumbani kwa redio na santuri, ikawafunza wengi wetu kupenda taarabu kabla hatujajua maana ya maneno. Siku ya maziko yake barabara za Cairo zilifurika watu hata jeneza likawa linaelea juu ya mikono yao.

Wa pili alifariki tarehe 20 Septemba mwaka huo huo. Hapakuwa na mafuriko ya watu, na vijana wengi wa Cairo wa siku hizo hawakujua hata kwamba yuko hai. Jina lake ni Doria Shafik. Ikiwa mwanamke wa Misri leo anaingia kituoni kupiga kura, na ikiwa wapo wanawake wanaokaa katika Bunge la nchi ile, basi sehemu kubwa ya deni hilo ni kwake. Kisa chake, ndugu msomaji, kina mazingatio kwetu, tena si mepesi.

Bibi Doria alizaliwa mjini Tanta tarehe 14 Desemba 1908. Utoto wake aliupitisha baina ya Mansura, walikoishi wazazi wake, na Tanta, alikopelekwa kwa bibi yake ili asome katika shule ya watawa wa Kifaransa. Mama yake alifariki Doria angali mtoto, na msiba huo ulimwachia kidonda ambacho hakikupona. Lakini masomoni alikuwa moto. Akiwa na umri wa miaka 16 alikwisha kupata cheti cha Kifaransa cha kumaliza shule za juu, jambo ambalo kwa msichana wa Kimisri wa zama zile lilikuwa nadra mno.

Alitaka kwenda Ulaya kuendelea na masomo, na baba yake hakuwa na uwezo wa kumpeleka. Basi binti akashika kalamu akamwandikia Huda Shaarawi, bibi mkubwa wa Cairo aliyekuwa ameanzisha Umoja wa Wanawake wa Misri mwaka 1923. Bibi Huda hakuudharau waraka wa mtoto asiyemjua. Alimwita, akamsikiliza, akamsaidia kupata msaada wa serikali. Mwaka 1928 Doria akapanda meli kwenda Ufaransa, akaingia Chuo Kikuu cha Sorbonne mjini Paris.

Hapa inafaa nisiufiche ukweli, kwani maisha ya mtu hayasomeki kwa kuchagua kurasa. Bibi huyu alipenda kupambika na kutazamwa. Mwaka 1935 aliingia katika mashindano ya kumchagua mrembo wa Misri akatoka wa pili, na jambo hilo liliwachukiza wengi kwa kuwa yeye alikuwa binti wa nyumba ya Kiislamu. Maadui zake walilishikilia maisha yake yote. Kila alipofungua kinywa kudai haki, wao walimkumbusha siku ile. Mashairi yake, maana alikuwa mshairi, aliyatunga kwa Kifaransa, lugha ambayo mke wa mkulima wa Delta haijui. Haya ni makosa au si makosa, kila mtu ana mizani yake. Mimi nayataja ili msomaji ajue kwamba sisimulii habari za malaika.

Mwaka 1937, huko Paris, aliolewa na Nur al-Din Ragai, kijana wa Kimisri aliyekuwa akisomea sheria. Mwaka 1940 Sorbonne ikampa shahada ya udaktari. Mojawapo ya maandishi aliyoyatoa kwa shahada hiyo lilihusu mwanamke na sheria ya dini katika Misri ya wakati ule, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Uislamu haukumnyima mwanamke haki. Waliomnyima ni watu, kwa mazoea yao, kisha wakayavika mazoea hayo kanzu ya dini.

Hoja hiyo haikuwa ngeni, na kwa mtu aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu akasoma juzuu zake si ya kushtusha. Sote tunajua kwamba wanawake walimpa Mtume wetu (S.A.W.) bai'a, na habari hiyo imo katika Sura ya Mumtahina. Sote tumesomeshwa kisa cha Hudaibiya, masahaba walipokuwa wamezama katika huzuni, Mtume akaingia hemani kwa mkewe Umm Salama, naye akampa shauri la kutoka, achinje na anyoe bila ya kusema neno na mtu. Akalifuata shauri hilo na umma ukatulia. Mwenye kushauriwa katika jambo zito kama lile, vipi hatashauriwa ni nani awe mjumbe wa mtaa?

Bibi Doria alirudi Misri na shahada yake akidhani milango itafunguka. Chuo kikuu cha Cairo kikamkataa. Mkuu wa kitivo aliona mwanamke wa namna ile, kijana na mwenye mapambo ya kisasa, hafai kusimama mbele ya wanafunzi wa kiume. Akafanya kazi ya ukaguzi wa somo la Kifaransa katika wizara ya elimu, kisha akaingia katika uandishi. Mwishoni mwa 1945 akaanzisha gazeti lake mwenyewe kwa Kiarabu, akaliita Bint al-Nil, yaani Binti wa Nile.

Mwanzoni lilikuwa gazeti la mambo ya nyumbani, malezi na mavazi. Pole pole likabadilika sauti. Barua za wasomaji wanawake zilikuwa zinafika na vilio vyake: aliyeachwa bila masurufu, aliyetwaliwa watoto, aliyeolewa juu yake bila kuambiwa. Bibi Doria akaona kwamba kumjibu kila mmoja peke yake ni kuteka bahari kwa kijiko. Sheria zinatungwa Bungeni; asiyeingia Bungeni, wala hana kura ya kumtisha aliyeingia, kilio chake huishia jikoni.

Kwa hiyo mwaka 1948 akaunda chama kwa jina lile lile la gazeti, Umoja wa Bint al-Nil. Mwaka mmoja kabla yake Huda Shaarawi alikuwa amefariki, na uwanja wa akina mama ulikuwa unangoja kiongozi. Umoja huo ulikuwa na kazi mbili. Moja ilikuwa kudai haki ya kupiga kura na kuchaguliwa. Ya pili ilikuwa ngumbaru: kufungua madarasa ya kuwafundisha akina mama maskini kusoma na kuandika. Matawi yakafunguliwa katika mikoa. Wanaosema kwamba alikuwa bibi wa manukato tu, asiyejua tabu za wanyonge, wayakumbuke madarasa hayo.

Misri ilikuwa na Bunge tangu 1924. Wanawake walikuwa wamesimama mstari wa mbele katika maandamano ya 1919 dhidi ya Waingereza, na baadhi yao walikufa kwa risasi. Lakini katiba ilipoandikwa mwaka 1923 na sheria ya uchaguzi ikafuata, kura ikawa ya wanaume peke yao. Kufa pamoja kulikubaliwa; kuamua pamoja kulikataliwa.

Tarehe 19 Februari 1951 Bibi Doria aliita mkutano katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Kimarekani mjini Cairo. Walikuja wanawake wapatao 1,500, na wenye mamlaka wakadhani ni mkutano wa hotuba kama mingine. Alipopanda jukwaani akawaambia kwamba mkutano wa siku ile si wa pale; ni wa Bungeni, nalo Bunge liko mitaa michache tu kutoka hapo. Wakatoka wote. Walinzi walipojaribu kuwazuia langoni walizidiwa, na kwa muda wa saa nne shughuli za Bunge zikasimama. Hawakuondoka mpaka wakubwa wa Baraza la Juu walipotoa ahadi kwamba madai yao yatashughulikiwa.

Ahadi ile haikulala usiku mmoja. Serikali ya chama cha Wafd haikufanya kitu, na Bibi Doria akaitwa mahakamani kwa kosa la kuwaongoza watu kulivamia Bunge. Mawakili wengi wakajitokeza kumtetea, na mwenye kubeba kesi akawa mwanamke, Bibi Mufida Abdel Rahman, mmoja wa mawakili wanawake wa kwanza wa Misri. Hakimu alipoutazama umati uliojaa akaiahirisha kesi bila kutaja siku, nayo haikusikilizwa tena. Vyama kadhaa vya dini vikamwandikia Mfalme Faruq kumtaka avivunje vyama vya wanawake. Mti wenye matunda ndio upopolewao mawe.

Mwaka 1952 Mufti wa Misri, Sheikh Hasanayn Makhluf, alitoa fatwa kwamba kura na ubunge si mambo ya mwanamke. Halmashauri ya fatwa ya Al-Azhar nayo ikasimama upande huo. Lakini walikuwako wanavyuoni wengine, wenye kusoma vitabu vile vile, waliosema kwamba haikupatikana nassi inayomkataza mwanamke kumchagua mwakilishi wake. Msomaji asidhani basi kwamba vita hivi vilikuwa baina ya dini na wasio na dini. Vilikuwa baina ya Waislamu na Waislamu, wote wakielekea kibla kimoja.

Julai 1952 maofisa wa jeshi wakampindua Faruq. Bibi Doria alifurahi kama Wamisri wengi, kwani yeye mwenyewe alikuwa amepigana na ukoloni kwa njia yake. Januari ya mwaka huo wanawake wa Bint al-Nil waliizingira benki ya Barclays mjini Cairo, wakitaka watu wawasusie Waingereza. Akangoja utawala mpya utimize ahadi ya haki kwa wote. Machi 1954 ikaundwa kamati ya kutengeneza katiba mpya. Alipotazama majina hakuona hata la mwanamke mmoja.

Tarehe 12 Machi akaenda katika nyumba ya Chama cha Waandishi wa Habari, akatangaza kwamba hatakula mpaka apewe jawabu. Wanawake wengine wakaungana naye, na katika mji wa Alexandria wenzao wakafanya vivyo hivyo. Sisi tunaijua saumu, tunajua kiu ya alasiri na faraja ya magharibi inapoingia. Ile haikuwa saumu wala haikuwa na futari. Ilikuwa ni kugoma kula, usiku na mchana, zaidi ya juma zima. Wakadhoofika wakapelekwa hospitali. Mwisho akaja gavana wa Cairo na ujumbe wa Rais Muhammad Naguib kwamba haki za wanawake zitaangaliwa katika katiba. Ndipo wakakubali kula.

Habari hiyo ilizunguka dunia. Bibi Doria akaalikwa Ulaya, Marekani, Japani, India na Pakistani, akawa anawaeleza watu kwamba mwanamke wa Kiislamu si sanamu ya kutazamwa na watalii.

Katiba mpya ikatoka mwaka 1956, na kwa mara ya kwanza mwanamke wa Misri akapewa kura. Lakini ilipewa kwa mkono mmoja ikafinywa kwa mwingine. Mwanamume aliandikishwa kwa lazima, asome asisome. Mwanamke ilimpasa aombe mwenyewe kuandikishwa, na awe anajua kusoma na kuandika. Katika nchi ambayo wanawake wengi hawakupata kuiona shule, sharti hilo lilikuwa ni kufuli. Wenzake wakasema tushukuru, haba na haba hujaza kibaba. Yeye akasema haki isiyokuwa sawa haijawa haki.

Sasa tunafika mahali ambapo kisa hiki kinatuuma sisi wenyewe. Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, palikuwa na picha mbili ukutani: moja ya Al-Kaaba na moja ya Gamal Abdel Nasser. Baba yangu hakuwa peke yake. Kuanzia 1954 Redio Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na baraza nyingi za miji yetu zilikuwa zikikusanyika usiku kuisikiliza ikiwapasulia Waingereza. Nasser alikuwa ni sauti yetu kabla hatujawa na sauti. Mwaka 1956 alipoutaifisha Mfereji wa Suez, na Uingereza, Ufaransa na Israeli wakamvamia, nyoyo za Waislamu wa pwani zilikuwa pamoja naye.

Tarehe 6 Februari 1957, vita hivyo vingali vibichi, Bibi Doria aliingia katika Ubalozi wa India mjini Cairo akatangaza mgomo mwingine wa kula. Madai yake yalikuwa mawili. La kwanza, majeshi ya Israeli yaondoke katika ardhi ya Misri. La pili, udikteta wa Nasser ukome na watu warudishiwe uhuru wao. Dai la kwanza kila Mmisri alikuwa akilisema. Dai la pili hapakuwa na aliyethubutu.

Nimelifikiri sana jambo hili. Je, ilifaa kumkosoa mkubwa wa nyumba siku ambayo nyumba inavamiwa? Baba yangu, lau angeulizwa, angesema haifai, na wengi wa rika lake wangesema hivyo hivyo. Mimi sina hakika tena. Nimeishi kiasi cha kuona kwamba kila mtawala ana adui wa kumtolea udhuru, na kwamba siku ya kumwambia ukweli, kwa hesabu yake yeye, haifiki kamwe.

Jawabu lilikuja upesi. Bibi Doria akafungiwa nyumbani kwake. Inasemekana kwamba Nehru, Waziri Mkuu wa India, ndiye aliyemwombea asitiwe gerezani. Magazeti yake yakafungwa, na jina lake likakatazwa kutajwa magazetini. Lakini lililomvunja zaidi si la serikali. Wanawake aliowaongoza, walioandamana naye na kulala njaa pamoja naye, walimkana. Chama alichokiunda kwa mikono yake kikamtaka ajiuzulu, na viongozi wengine wa akina mama wakatia saini maneno ya kumwita msaliti wa nchi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Julai ya mwaka huo huo wa 1957 uchaguzi ukafanywa. Wanawake wawili, Rawya Atiya na Amina Shukri, wakashinda viti wakawa wa kwanza kuingia katika Bunge la Misri kwa kura. Mlango alioupiga mabega mwaka 1951 ulikuwa umefunguka, na aliyeupiga alikuwa amefungiwa nyumbani.

Kuanzia hapo hadi kufa ni miaka 18. Kwanza alinyamazishwa kwa kuzuiliwa, kisha kwa upweke. Ndoa yake ikavunjika. Mabinti zake wawili, Aziza na Jehan, wakakua wakawa na majumba yao. Yeye alibaki na vitabu na karatasi zake katika mtaa wa Zamalek, akiandika kumbukumbu za maisha yake, akitunga mashairi, na akifanya kazi ya kuitafsiri Kurani. Nasser alifariki mwaka 1970, lakini hakuna aliyekuja kumwambia Bibi Doria arudi uwanjani. Watu walikuwa wamekwisha kumzoea kuwa hayupo.

Tarehe 20 Septemba 1975 alianguka kutoka ghorofa ya sita ya jumba alilokaa, akafariki. Wengi wanaamini kwamba alijitupa mwenyewe. Dini yetu imelikataza jambo hilo kwa ukali, wala sina ruhusa ya kulipamba kwa maneno ya kishairi. Lakini pia sina ruhusa ya kumhukumu. Yaliyokuwa moyoni mwake saa ile ayajuaye ni Mola wake, na rehema Zake ni pana kuliko ndimi zetu. Wako watakaosema kwamba huo ndio mwisho wa mwanamke anayetoka nje ya mpaka wake. Mimi nawajibu kwamba swali linawahusu walio hai: ilikuwaje mtu aliyewafanyia wenziwe jambo kubwa kiasi kile akaachwa miaka 18 bila baraza la kumpokea?

Kumbukumbu yake ilirudi polepole. Mwaka 1996 Cynthia Nelson, mwalimu katika chuo kikuu kile kile walikotoka wanawake 1,500 kwenda Bungeni, alitoa kitabu kikubwa cha maisha yake, na tangu hapo waandishi wa Misri na wa nchi nyingine wamekuwa wakilifufua jina lake.

Sisi tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Misri tu. Pwani hii, ambayo wazee wanatusimulia habari za Mwana Mkisi wa Mombasa na Mwana Khadija aliyetawala Pate, ilipitiwa na jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaacha nje ya kura wanawake wa Kiarabu wa Kenya. Akina mama wa Mombasa hawakulivamia baraza la mtu. Waliandika maombi, wakayafikisha kwa wakubwa wakiwa ndani ya mabuibui yao, na wakakubaliwa. Mwaka 2022 Kwale ilimchagua mwanamke kuwa gavana wake. Njia zilikuwa mbali mbali, lakini haja ilikuwa moja.

Kila siku ya uchaguzi huwaona mama zetu wametangulia foleni kabla jua halijachomoza, wengine wameshikwa mkono na wajukuu zao. Wengi wao hawajui kusoma, na hakuna anayewauliza. Katika Misri ya 1956 wangerudishwa mlangoni. Bibi Doria alisema hapana kwa ajili ya mwanamke wa namna hiyo, wakati wasomi wenzake walikuwa wamekwisha kutosheka na fungu lao. Kwa hilo peke yake anastahili dua yetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na amsamehe yeye pamoja nasi.